Nilijiandaa kwa baridi, nikapigwa na upepo

Kwetu ni Marangu, hatua chache kutoka barabara inayopanda getini. Asubuhi mawingu yakifunguka, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, unakiona kimekaa juu ya migomba na kichwa chake cheupe, halafu ikifika saa nne kimeshajifunika tena. Baba yangu mdogo alipanda mlima ule miaka ishirini na kitu akiwa mgumu, ndivyo tunavyowaita wapagazi, na mizigo ya wageni kichwani. Barafu yenyewe hakuwahi kuigusa. Safari yake iliishia Kibo Hut na madumu ya maji. Waliokuwa wakiondoka usiku kwenda kileleni ni wageni na viongozi wao. Mimi ndiyo kabisa. Nilikulia chini ya barafu nikiiona kama picha ya kalenda, na siku nilipoikanyaga kwa mara ya kwanza nilikuwa na miaka 38, tena nipo Iceland.

Ilikuwa mwanzoni mwa Septemba 2024. Tulikuwa watatu: mimi, mume wangu, na mdogo wake ambaye ni shemeji yangu. Mimi na mume wangu tunaishi Hamburg, ambako nafanya kazi ya uuguzi. Shemeji yuko Leicester. Wao ni watu wa Tanga, wamekulia baharini, na hilo nitalirudia tukifika ufukweni. Mpango ulikuwa siku saba: tukodi gari uwanja wa ndege wa Keflavík, tufuate barabara namba 1 kwa pwani ya kusini mpaka ziwa la Jökulsárlón, tulale kwenye hema, na katikati ya safari tutembee juu ya barafu. Kwenda na kurudi, ukijumlisha na vichochoro, ni karibu kilomita 900.

Makaratasi kwanza. Iceland haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo sisi wa Ujerumani tulihitaji pasipoti zetu za Tanzania na kadi za ukaazi basi. Shemeji wa Uingereza alilazimika kuomba viza kama mtu anayetokea Dar. Ada ilikuwa imetoka kupandishwa Juni ile kufika yuro 90, na juu yake kuna malipo ya ofisi inayopokea maombi, bima ya safari ya angalau yuro 30,000 na taarifa za benki. Kosa letu hapa lilikuwa kukata tiketi zisizorudishwa hela kabla viza haijatoka. Ilitoka zikiwa zimebaki siku tano. Kwa wiki mbili nzima mume wangu alikuwa anaamka usiku kumpigia mdogo wake simu: "Umeangalia barua pepe?"

Vifaa nilinunua mimi. Nilihangaika sana na mifuko ya kulalia, soksi za sufu, nguo za ndani za sufu, maana jina la nchi lenyewe linatisha. Hema sikulifikiria. Nililichukua kwa yuro 59, la watu watatu, fito zake nyembamba kama penseli, vigingi vya waya ambavyo ungevikunja kwa vidole viwili. Sasa nisikilizeni: mchana kule ulikuwa nyuzi 8 hadi 10. Hamburg ya Januari ina baridi kuliko hapo. Baridi haikutusumbua hata siku moja.

Kwenye kaunta ya gari tukakuta jambo la pili ambalo sikulisoma mapema: walitaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva, ili washikilie amana. Mume wangu alikuwa na kadi ya kawaida ya benki. Njia iliyobaki ikawa kununua bima kubwa, na mhudumu akatuuzia bima juu ya bima: ya kokoto, ya mchanga, ya majivu. Nilisaini bila kusoma. Mume wangu akauliza, "Kwa hiyo tuko salama?" Nikamjibu tuko salama hata volkano ikilipuka.

Siku ya kwanza ilikuwa tamu. Tulinunua chakula Selfoss, tukapita maporomoko ya Seljalandsfoss ambayo unaweza kuzunguka nyuma ya maji yenyewe (utalowa, vaa koti la mvua), jioni tukasimika hema Skógar, mita chache kutoka Skógafoss. Ni maji yanayoanguka mita 60, usiku kucha yananguruma kama treni isiyofika. Nilikuja na unga wa sembe na mwiko kwenye begi. Gesi huruhusiwi kupanda nayo ndege, lakini kwenye kambi nyingi kuna rafu ya vitu vilivyoachwa na walioondoka, na tulipata mitungi mitatu iliyobaki nusu bila kutoa senti. Ugali wa Skógar, mikono ikinuka maji ya moto ya kule ambayo yana harufu ya mayai viza, sitausahau. Tulilala kama watoto, tukajidanganya kuwa kambi ni jambo rahisi.

Kulala popote unapopenda pembeni ya barabara na gari au hema, hapana. Anayelala garini sheria inamtaka awe kambi rasmi, na hema nalo lina masharti yake; kambi zenyewe zipo kila baada ya kilomita kadhaa. Tulilipa kati ya krona (hela ya kule) 2,000 na 2,500 kwa kichwa kwa usiku. Maegesho ya vivutio nayo yanalipiwa, wakati ule karibu krona 1,000, na hakuna mtu wa kukudai. Kamera inasoma namba ya gari. Sisi tulisahau kulipa sehemu moja, na wiki tatu baadaye kampuni ya gari ikatukata faini pamoja na ada yao ya usumbufu.

Siku ya pili, ufukwe wa Reynisfjara. Mchanga mweusi, mawe yaliyosimama kama filimbi za kinanda cha kanisani, na mlangoni taa ya onyo. Siku ile iliwaka njano. Nikamwambia shemeji tusishuke hadi kwenye maji. Akacheka.

"Shemeji, mimi ni mtoto wa Raskazone. Bahari unanifundisha wewe wa milimani?"

Bahari ya Tanga ina miamba ya matumbawe mbele yake. Wimbi linavunjika kule mbali, likifika ufukweni limeshachoka. Pale hakuna kitu cha kulizuia, na chini ya maji ufuko unazama ghafla. Yakaja mawimbi sita ya kawaida. La saba halikupiga kelele wala halikuwa refu, lilipanda tu, likaendelea kupanda, likapita mahali ambapo mchanga ulikuwa mkavu kabisa. Nilimwona shemeji amegeuka kupiga picha mawe, maji yamemfika magotini, kisha mapajani, kisha kokoto zinakimbia chini ya miguu yake kurudi baharini. Mume wangu alimshika kofia ya koti. Wote wawili walianguka, wakatambaa. Watu wamekufa pale, na mabango yanasema hivyo bila kuficha. Mpaka tunafika Vík shemeji hakusema neno, alikuwa anaminya soksi zake dirishani. Kaa mbali zaidi ya unavyodhani inatosha, na usiyape maji mgongo.

Usiku wa Vík ndio ulionifanya niandike haya. Jioni nilifungua vedur.is, tovuti ya idara yao ya hali ya hewa, nikaona upepo umeandikwa 17. Nikawatangazia wenzangu: kilomita 17 kwa saa, wa kawaida, hata Hamburg tunao. Kumbe wenzetu wanapima kwa mita kwa sekunde. Zidisha mara 3.6. Ile 17 ilikuwa kilomita 61 kwa saa, na huo ni wastani tu. Dharuba zinapita hapo. Hata vibao vya kando ya barabara vinaandika hivyo hivyo, namba bila maelezo. Tulivipita viwili mchana ule nikavisoma kwa sauti kama mtu mwenye akili zake.

Saa tano usiku hema lilianza kupumua. Linavimba, linanywea. Saa saba upande mmoja ulikuwa umelala juu ya uso wangu, natoka kuupigilia, nakuta kigingi hakipo, kimechomoka na kwenda zake. Saa nane tukasikia tah! Fito imevunjika katikati na ncha yake imetoboa kitambaa. Tulikunja kila kitu kama nguo chafu, tukaingia kwenye gari dogo ambamo shemeji alikuwa amelala kwa raha zake kiti cha nyuma. Watu wazima watatu, mifuko ya kulalia mitatu, sufuria, na ule mwiko. Gari lilikuwa linatikiswa kama daladala yenye abiria wanaogombana. Mume wangu hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Asubuhi jikoni mwa kambi nilifanya kazi niliyosomea. Nilichukua vigingi viwili, kimoja kila upande wa fito, nikazungushia plasta ya hospitali mizunguko kumi na minne, kama unavyofunga mkono wa mtoto aliyeanguka mwembeni. Mama mmoja wa makamo, mwenyeji, alikuwa anakunywa kahawa ananitazama. Alipomaliza kunitazama akanipa mafunzo ambayo ningepaswa kuyatafuta kabla ya soksi za sufu. Hema liwe na fito za aluminiamu. Upande wake mfupi utazame upepo unakotoka. Kila kigingi kiwekewe jiwe. Gari liegeshwe kuziba upepo. Na gari, akarudia mara mbili, liegesheni pua ikiutazama upepo, halafu mlango ufunguliwe kwa mikono miwili. Nilimshukuru. Ya hema tuliyafuata yote. Ya gari tuliitikia tu.

Kutoka Vík kwenda mashariki ni barabara ya kutisha kwa uzuri. Kwanza jangwa la mchanga mweusi, kisha nyanda za mawe ya volkano ya Laki ya 1783 yaliyofunikwa na kuvumwani laini za kijani (ukizikanyaga, alama inabaki miaka, tafadhali usishuke), kisha Skeiðarársandur, tambarare ya kokoto isiyo na mwisho na mito ya rangi ya maziwa yenye matope. Madaraja mengine ni ya gari moja tu; aliyefika kwanza anapita, mwingine anasubiri. Karibu na Skaftafell kuna vyuma viwili vikubwa vya daraja vimejikunja kando ya barabara. Mwaka 1996 volkano ililipuka chini ya barafu ya Vatnajökull, maji yakakusanyika, na Novemba yakatoka yote kwa pamoja yakibeba vipande vya barafu vikubwa kama nyumba. Hivyo vyuma ndivyo mabaki. Shemeji alivipima kwa mikono, akasema, "Haya, nimekubali, hii nchi si ya kuchezea." Alikubali kwa siku moja.

Skaftafell tulipata kona yenye miti ya kutukinga. Hema lilisimama, fito na bandeji yake. Asubuhi ya siku ya nne tulikuwa tutembee juu ya barafu, lakini saa mbili ukaja ujumbe: upepo mkali, safari imeahirishwa hadi kesho. Hawakutukata hela. Na hapa nitajisifu kidogo, kwa sababu nilipopanga sehemu za safari niliweka matembezi ya barafu katikati, si siku ya mwisho. Kungekuwa hakuna kesho, tungerudi Hamburg bila kuiona. Ukipanga, acha siku moja tupu baada yake.

Basi tukaamua kwenda Jökulsárlón, dakika arobaini na tano kwa gari. Ndiyo, siku ambayo waongozaji wa kitaalamu wamekataa kutoka kwa sababu ya upepo, sisi tukaenda kutalii. Ziwa lenyewe halikuwepo miaka mia iliyopita. Barafu ya Breiðamerkurjökull iliporudi nyuma tangu miaka ya 1930, maji yakajaa mahali ilipoondoka, na leo kina kinapita mita 200. Milima midogo ya barafu inaelea pale, inagongana polepole, na sili wanatoa vichwa katikati yake. Kipindi kile watu walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini: Agosti 25, siku chache kabla hatujafika, barafu iliporomoka juu ya kundi la watalii kwenye Breiðamerkurjökull hiyo hiyo, mmoja akafa.

Shemeji ndiye aliyekuwa anaendesha. Akaegesha mkia kwa upepo. Akafungua mlango kwa mkono mmoja, kama mtu anavyofungua mlango maisha yake yote. Sikuona mlango ukienda, nilisikia chuma. Ukakunjika mpaka ukagusa ubavu wa gari, bawaba zimepinda, haufungi tena. Tuliufunga kwa kamba ya hema na mkanda wa suruali ya mume wangu, na tangu hapo dereva akawa anaingilia upande wa abiria. Jioni ile kwenye hema nikasoma bima ukurasa kwa ukurasa. Kokoto wanalipa. Mchanga na majivu wanalipa. Mlango uliopeperushwa na upepo, hawalipi.

Siku ya tano kulikucha kimya, anga safi, mtu angedhani tulizusha. Tulikuwa kumi na mmoja. Kiongozi alikuwa dada mmoja mwembamba asiyecheka ovyo. Alitupa kofia ngumu, mkanda wa kufunga kiunoni na mapajani, na vile vyuma vya miguuni: fikiria njumu za mpira, ila meno ni ya chuma, marefu kama kidole gumba, yanafungwa juu ya buti kwa mikanda. Buti lazima zipande juu ya kifundo cha mguu. Mume wangu alikuja na raba, akakodishwa nyingine. Suruali pana usivae. Yangu ilichanika dakika ya kumi, jino la mguu wa kulia limenasa kwenye pindo la kushoto.

Tulipanda kwenye mawe na kokoto kama nusu saa. Nikauliza barafu itaanza wapi. Dada akasimama, akakwangua kokoto kwa shoka lake, na chini yake pakang'aa. Tulikuwa juu yake muda mrefu bila kujua. Barafu iliyokufa, imefunikwa na mawe, inayeyuka taratibu gizani. Mbele ndipo tukafunga vyuma na kuingia barafu ya Falljökull yenyewe. Tembea kama bata, akasema, miguu mbalimbali, unyayo wote chini, piga. Krach, krach. Hatua ishirini za kwanza nilikuwa nimekaza meno. Baada ya hapo mwili ukaelewa.

Si nyeupe. Hilo ndilo lililonishangaza. Ni ya kijivu, ina mistari ya majivu ya volkano za zamani na vijishimo vidogo vya maji vyenye tope jeusi chini. Weupe na bluu vimo ndani ya nyufa: bluu ya sare ya shule siku ya kwanza ya muhula. Kwenye shimo moja ambalo maji yanazama, dada alinishika mkanda wa mgongoni nikainama kuchungulia. Maji yanazunguka, yanaingia, halafu bluu inageuka nyeusi. Alidondosha jiwe. Tulisubiri. Hatukusikia chochote.

Nikavua glavu nikaweka kiganja. Nikainama zaidi nikaweka sikio, watu waniangalie wakitaka. Inasema. Inatoa sauti ndogo ndogo kama soda iliyofunguliwa sasa hivi, hewa ya zamani ikitoka. Tulikunywa maji ya kijito kinachopita juu yake kwa mikono. Hayana ladha yoyote, ni baridi tu.

Dada aliniuliza natoka wapi, nikamwambia chini ya Kilimanjaro. Akauliza barafu ya huko ikoje. Nikamwambia tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 imekwisha, na kwamba tuna kambi mlimani inaitwa Barafu ambayo haina barafu. Akanyoosha shoka kuelekea bondeni, kwenye yale mawe tuliyopanda nusu saa, akasema yote yale ilikuwa barafu. Hatukuongeza neno.

Hela sasa. Matembezi yalikuwa karibu krona 15,000 kwa mtu, kama yuro 100. Petroli ya safari nzima krona 17,000. Pampu nyingi hazina mhudumu, zinataka kadi yenye namba ya siri, na ukichagua kujaza tangi zinashikilia hela nyingi kwenye akaunti kwa siku kadhaa, kwa hiyo chagua kiasi maalumu. Mgahawani, bakuli moja la supu lilikuwa krona 2,900. Ugali ndio uliotuokoa. Kila kitu pamoja na ndege kilikuja kama yuro 760 kwa mtu. Halafu mlango: krona 140,000, yaani yuro 930 na kitu. Shemeji alitaka kulipa peke yake, mume wangu akakataa, wakagombana kwenye maegesho ya kampuni ya gari kwa Kidigo ili nisielewe. Tuligawana mara tatu. Ikawa karibu yuro 1,070 kila mmoja.

Uwanja wa ndege nilimtumia baba mdogo picha: mimi na kofia ngumu, kiganja kwenye barafu. Alijibu kwa ujumbe wa sauti, upepo wa Marangu ukisikika nyuma yake.

"Mwanangu, mbona barafu yenyewe chafu hivyo? Na hao waliokupandisha, walikulipa ngapi?"

Nikamwambia, baba mdogo, nimelipa mimi. Alikaa kimya kidogo, kisha nikasikia anamwita mama mdogo aje asikilize.